Sendofu Bila Bwana Harusi

Hapa Tunduma najulikana kwa mambo mawili: vitenge na michango. Vitenge ni biashara yangu. Duka langu liko karibu na barabara kuu inayokwenda mpakani mwa Zambia, pale malori yanapopanga foleni mpaka madereva wanafua nguo na kuzianika kwenye vioo vya pembeni. Michango ni kipaji, kama si adhabu. Tangu niolewe mji huu sijawahi kukaa kwenye kamati ya sendofu bila kupewa kazi ya kukusanya ahadi. Mtu akishasema mbele ya kikao kwamba atatoa kiasi fulani, sura yake naikumbuka na kiasi chake nakikumbuka. Nikikutana naye sokoni namsalimu kwa upole tu, namuulizia watoto, na mwenyewe anaanza kujitetea kabla sijasema neno.

Kwa asiyejua mambo yetu nieleze kidogo. Binti akiposwa, kabla ya harusi kwao humfanyia sherehe ya kumuaga, na hiyo ndiyo sendofu. Harusi ni ya upande wa mume. Sendofu ni ya kwao binti, na kuliko wote ni ya mama yake. Siku hiyo mama anavaa kitenge alichokichagua mwenyewe, anaingia ukumbini kwa muziki na ndugu zake nyuma, kisha mshereheshaji anamwita asimame ili watu wamwone aliyezaa na kulea. Ukumbi, chakula, muziki, vyote hutoka kwenye michango. Unachangia mtoto wa huyu, unachangia mtoto wa yule, miaka inakwenda, na siku ya binti yako ikifika wote uliowachangia wanajua sasa ni zamu yao. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini anayejisahaulisha anasemwa mpaka anahama.

Dada yangu alikuwa amechangia miaka yote. Yeye aliolewa Ileje, kwenye vilima vya juu ya Itumba, na mwalimu wa shule ya msingi. Wana kahawa, ndizi, na mahindi ya kula. Mungu aliwapa wavulana kwanza, wakafuatana, mwisho kabisa akaja binti mmoja. Kwa hiyo dada alikuwa na sendofu moja tu katika maisha yake, na ukoo mzima ulijua. Kwa kila sherehe ya watu wetu alishuka kutoka milimani na bahasha yake, hata masika barabara ikiwa tope tupu. Kitenge chenyewe alishakichagua zamani. Binti akiwa bado anavaa sare za sekondari, dada aliingia dukani akakuta mzigo mpya umefunguliwa, akashika kimoja cha bluu iliyokolea chenye maua makubwa ya njano. Akasema, "Hiki niwekee. Nitakivaa siku ya mwanangu." Nikamtania kwamba mwanawe bado anacheza rede. Akasema nimwekee tu. Nikakiweka rafu ya juu kabisa, na mteja akikinyooshea kidole namwambia kina mwenyewe.

Basi fikiria moyo wangu ulivyoruka siku binti huyo alipokuja dukani, akiwa amemaliza kidato cha sita na jeshi la kujenga taifa, akanipa shikamoo, akasubiri mteja atoke, halafu akasema, "Mama mdogo, naomba uniitie kikao cha sendofu."

"Nani huyo?" nikauliza. "Wa wapi? Anafanya kazi gani?"

"Hakuna."

"Hana kazi?"

"Hakuna mtu, mama mdogo. Nataka kwenda kusoma urubani. Wa ndege za abiria."

Nilicheka mpaka muuza sambusa wa nje akachungulia. Nilipomaliza kucheka nikamwona bado amesimama vilevile, ameshika ncha ya meza, hacheki wala hanuni. Nikamvutia kigoda. Huyu mtoto tangu mdogo alikuwa anamsumbua baba yake kumuuliza ndege zinazopita juu ya milima ya Ileje zinajuaje njia wakati wa ukungu, na mwalimu wa watu, ambaye ndege ya karibu alikuwa ameiona kwenye kitabu tu, akawa anajibu anavyoweza. Mimi nilidhani ni maswali ya utoto, kama wengine wanavyouliza jua linalala wapi.

Nikamuuliza bei. Mimi ni mfanyabiashara, ndoto naielewa ikishapigiwa hesabu. Akaitaja kwa dola. Sisi wa mpakani dola tunaigeuza kuwa kwacha na shilingi kabla mtu hajafunga mdomo, na nilipoigeuza nikarudia hesabu nikidhani nimekosea. Ilikuwa bei ya kichwa cha lori na tela lake, vilivyotumika lakini vizima. Akanieleza bila kuficha. Chuo kiko nje ya nchi, kusini. Unalipia kila saa unayokaa angani, na saa ni nyingi. Kuna leseni ya kwanza, kuna ya biashara, kuna ruhusa ya kuruka kwa kutegemea mitambo wakati huoni kitu nje, kuna ya ndege yenye injini zaidi ya moja. Kila moja ina mtihani, na kila mtihani una ada. Ukifeli unalipa upya, pamoja na saa za kujiandaa upya. Na juu ya hayo yote kuna daktari.

"Daktari wa nini?"

"Wa kunipima kama nafaa kuruka. Halafu watakuwa wananipima maisha yangu yote ya kazi. Wakikuta kitu, leseni inakaa kabatini."

Hapo ndipo niliposhika tama. Lori likikosa mzigo unaliuza. Likipinduka unauza vyuma. Hii leseni huwezi kumuuzia mtu, huwezi kuiweka rehani, na daktari mmoja anaweza kuizima kwa kalamu. Benki walikuwa wamewaomba wazazi wake hati ya shamba, na shamba la mlimani ambalo babu wa babu alilifyeka halina hati. Baba mtu alikuwa amestaafu karibuni na kiinua mgongo chake kilikuwa kimeingia. Alikuwa tayari kukitoa chote, na chote kilikuwa hakifiki hata nusu.

"Mama yako anajua kwamba umekuja kuniomba sendofu?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Ndiye aliyenituma."

Kikao kilikaa nyumbani kwangu Jumapili baada ya ibada. Nilipika wali na kuku ili watu wawe na tumbo la kusikiliza. Alikuja kaka yetu mkubwa kutoka Ndalambo, mkulima wa ufuta na mahindi, mtu ambaye akisema hapana ukuta unatikisika. Alikuja binamu yetu wa ng'ambo, Nakonde, anayeuza vipuri, na ndugu wengine wa kutosha kujaza sebule na baraza. Wote walikuja wakiwa na furaha, wakitafuta kwa macho upande wa bwana harusi. Nilipowaeleza, sebule ikapoa.

Kaka mkubwa ndiye aliyeanza. "Sasa huyu mtoto akienda huko, akashindwa, tutamdai nani? Tutaidai ndege?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Na akishinda, siku akipata mwanamume, si mtakuja tena hapa kuniambia nitoe? Mimi mfuko wangu ni mmoja."

Binti akasimama. Alikuwa amevaa sketi ya kanisani. "Hapana, mjomba. Atakayetoa leo ameshanipa sendofu yangu. Siku nikiolewa nitakwenda kanisani na gauni nililo nalo, na hakuna atakayeombwa hata soda."

Minong'ono ikaanza. Wengine walisema mtoto anadanganyika, wengine kwamba baba mtu amesoma sana mpaka amepitiliza. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa kando, kofia magotini, hajitetei. Ndipo dada yangu aliponyanyuka. Dada si msemaji. Kwenye vikao vyote nilivyokaa naye sikumbuki kama aliwahi kusema zaidi ya salamu na kiasi anachotoa.

"Nimechangia watoto wenu wote," akasema. "Sijawahi kuwaambia nimeumwa, wala kwamba kahawa haijalipwa. Nilikuwa nikitoa nikijua na mimi nina wangu. Sasa naomba changu. Nakiomba mapema, basi."

Akaketi. Mimi, badala ya kutulia kama mkusanyaji anavyopaswa, nikaropoka: "Na wewe, dada? Siku yako? Na kile kitenge?"

"Kitenge hakiozi," akasema. "Kiache kikae hapohapo juu."

Naomba nieleweke hapa. Nimewaona matajiri wa mji huu wakitoa fedha mpaka mshereheshaji anaishiwa sifa, lakini sijaona mtu akitoa kama dada yangu alivyotoa siku ile. Tajiri hutoa alichonacho. Dada alitoa siku moja ambayo angeonwa na watu, baada ya miaka yote ya kukaa viti vya nyuma kwenye sherehe za wenzake, na alikuwa hana nyingine. Mtoto akikwama, dada angebaki bila sendofu, bila rubani, na bila mahali pa kuuficha uso wake kwenye ukoo. Nilijua hivyo, na kila mtu pale sebuleni alijua hivyo.

Binamu wa Nakonde akainuka. "Bamayo, mimi natoa kwa kwacha na natoa leo," akamwambia dada, kwa lile neno lao la ng'ambo la kumheshimu mama. "Huyu akianza kurusha, atanivusha juu ya mpaka bila foleni." Kicheko kikarudi, na ahadi zikaanza. Kaka mkubwa alitaja kiasi chake, akatoka akinung'unika kwamba ukoo umerogwa. Lakini ufuta ulipouzwa msimu ule, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumaliza alichoahidi, akanikabidhi mlangoni bila kuingia, akaondoka kwa hasira ileile.

Nilikuwa na sharti moja, kwamba asafiri kwanza Dar es Salaam akapimwe, ndipo shilingi iondoke mikononi mwangu. Wakampima macho, masikio, moyo, mpaka namna anavyozitambua rangi. Siku zile sikula vizuri. Aliponipigia kusema amepita, nilifunga duka kabla ya saa zangu nikaenda kukaa kanisani peke yangu, na mimi si mtu wa kukaa kanisani siku ya soko.

Akaenda. Wale wa chuo walitaka kulipwa fedha zote mara moja kwa bei nafuu. Sisi tulilipa kidogokidogo kwa sababu tulikuwa hatuna zote, si kwa sababu tulikuwa wajanja. Baadaye binti alinieleza kwamba kuna vyuo duniani hufunga milango na fedha za watoto wa watu zikiwa ndani, nikashukuru umaskini wetu. Alikuwa anatupigia simu mwisho wa juma. Siku aliyoruka peke yake mara ya kwanza, bila mwalimu pembeni, alitusimulia huku anacheka na kulia, na mimi nikamweka kwenye spika ili wateja wasikie. Mama mmoja wa Mlowo alinunua vitenge viwili bila kupatana bei kwa sababu tu ya simu ile.

Lakini dola ikapanda. Mvua za huko zikazizuia ndege kuruka wiki nzima nzima, na chumba cha kupanga kinalipiwa iwe mvua iwe jua. Mtihani mmoja ukamshinda mara ya kwanza, ukamlazimu kuulipia tena. Tulichokuwa tumekusanya, ambacho kilionekana mlima siku ile sebuleni, kikayeyuka kabla hajafika leseni ya biashara. Akarudi nyumbani na ile leseni ndogo ya kwanza, inayokuruhusu kuruka lakini huruhusiwi kulipwa hata senti. Nilipoielewa hiyo habari nilikasirika kana kwamba nimeuziwa kitenge kinachochuja.

Akakaa kwangu akinisaidia dukani. Tunduma ina midomo. Vijana wa bodaboda walimwita rubani wa vitenge, wakimpita wanatanua mikono kama mabawa. Yeye alikuwa anawapungia. Nyuma ya kaunta, chini ya rafu ile ya kitenge cha mama yake, alibandika karatasi kubwa yenye picha ya mbele ya chumba cha rubani, saa zake zote za vipimo na vitufe vyake. Kila asubuhi kabla ya wateja alikaa kwenye kigoda mbele ya karatasi hiyo, anasema maneno kwa sauti ndogo na kugusa vitufe vya kuchorwa, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio uleule. Mteja mmoja alidhani anasali, akasubiri mlangoni mpaka amalize. Mimi sikuwahi kumwona mtu akiheshimu kazi ambayo hana. Nikimtazama nilikuwa nahisi uchungu, na pia fahari, na sikujua nianze na kipi.

Na muda ulikuwa adui. Alinieleza kwamba mkono unasahau, na kwamba kanuni nazo haziruhusu ukae chini muda mrefu halafu urudi ukaendelee palepale. Tukichelewa sana, baadhi ya saa tulizolipia ingebidi zilipiwe tena. Kiinua mgongo cha mwalimu, ufuta wa kaka, bahasha zote za dada tangu ujana wake, vyote vilikuwa vimening'inia hapo.

Dada akashuka na mkungu wa ndizi kichwani, akakaa dukani mchana mzima. Nikamwambia ukweli, kwamba sendofu haichangiwi mara mbili, na nikiwaita tena kaka atanifukuza ukoo. Akatikisa kichwa kukubali. Hakulia. Aliinua macho mara moja tu kwenye ile rafu ya juu, akayashusha.

Akaingia mteja akitaka vitenge vya kufanana vya kina mama wa mtaa wao. Nikamuuliza ni vya shughuli gani ili nimpe rangi inayofaa. Akasema ni vya kicheni pati. Nilikuwa nimeshika mkasi, nikauweka chini.

"Dada," nikasema, "huyu mtoto tulimfanyia sendofu. Kicheni pati je?"

Dada alinitazama kwanza asielewe, halafu akaelewa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Maana kicheni pati ni shughuli nyingine kabisa. Ni ya wanawake peke yao, wanakusanyika kumpa binti vyombo vya jikoni na kumfunda. Ina kamati yake na ahadi zake, na wanaume hawaulizwi. Hakuna aliyeapa lolote kuhusu kicheni pati.

Sijawahi kukusanya kwa raha kama ile. Wanawake waliokataa kuniangalia usoni kwenye sendofu za kawaida walikuja wenyewe dukani. Tulifanyia uani kwangu, mchana wa jua. Waliambiwa walete fedha badala ya vyombo, lakini mwanamke wa hapa hawezi kwenda kicheni pati mkono mtupu bila kitu cha kubeba kichwani, kwa hiyo bahasha zilikuja ndani ya mabeseni, ndani ya vikapu, moja ndani ya birika la kuazima ambalo mwenyewe alilidai palepale. Bibi mmoja wa jirani alileta sufuria jipya na ndani hamna kitu. "Hata rubani anakula," akasema, akaketi.

Ilipofika kufunda, wale wazoefu walitazamana. Mume hayupo, wamfunde nini? Mmoja akaanza: "Mwanangu, usiendeshe ukiwa na hasira." Wakaitikia wote. Mwingine: "Ukiona giza mbele, usione haya kurudi. Waliokungoja watangoja." Mwingine akamwambia asikubali mwenzake wa kiti cha pembeni anyamazishe sauti yake, hata kama ni mtu mzima mwenye mvi, maana ndani ya ndege kuna watoto wa watu. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka, khanga mabegani, anainamisha kichwa kwa kila neno kana kwamba bwana harusi anasubiri nje. Baadaye aliniambia kwamba karibu yote waliyomwambia siku ile, alikuwa ameshaambiwa chuoni na walimu wake. Sufuria alilichukua, alisafiri nalo.

Safari hii fedha zilifika. Zilifika zikihema, lakini alimaliza leseni ya biashara na zile ruhusa nyingine zote. Nikadhani tumefika. Kumbe leseni si ajira. Mashirika yalitaka mtu mwenye saa nyingi zaidi, na saa hizo huzipati bila ajira. Alizunguka na vyeti vyake, akaambiwa atapigiwa simu. Mwishowe akapata kazi huko kaskazini kwenye vindege vidogo vya kupeleka watalii mbugani. Mshahara ulikuwa wa kula na kulala. Alikuwa anapakia mabegi mwenyewe, anafagia ndege mwenyewe, anapanda juu kufuta vioo, halafu ndiyo anairusha. Alipima afya kila ilipotakiwa, na kila alipopimwa mimi na dada tulifunga bila kuambiana, kila mmoja kwake. Tuligundua siku nilipompigia simu saa ya chakula cha mchana, naye akasema amefunga.

Halafu shirika moja likamchukua, likamfundisha ndege yake, likamfunga kwa mkataba wa miaka. Siku aliyotupa habari hizo nilipiga kelele dukani. Dada kwenye simu alisema tu, "Mungu ni mwema," akauliza kama anapewa chakula kazini.

Muda ukapita. Siku moja binti akapiga simu: amepangwa kuja na ndege Songwe, Jumamosi. Uwanja huo una jina la mkoa wetu ingawa uko upande wa Mbeya, na ndiko sisi wote tunakopandia. Akasema hataweza kutoka nje kutusalimia, ndege inashusha watu, inapakia, inaondoka. Sisi tukasema haidhuru. Dada akashuka kutoka Itumba siku chache kabla. Mwalimu mguu ulikuwa unamsumbua, akabaki na redio yake. Dada akaingia dukani, akasimama katikati, akanyoosha kidole juu.

"Nishushie," akasema.

Nikapanda kwenye ngazi nikakishusha. Kwenye mikunjo rangi ilikuwa imefifia kidogo, kwingine bluu ilikuwa ileile. Fundi wa mbele ya duka akakishona gauni na kilemba. Dada alikuwa amepungua tangu siku aliyokichagua, fundi akalazimika kukibana kiunoni.

Asubuhi ya Jumamosi tulipofika kulikuwa na ukungu. Tukasimama kwenye uzio wa pembeni, mahali unapoona njia ya kurukia. Mlinzi alitutazama, akatuacha. Ndege tukaisikia kabla ya kuiona. Sauti ikaja, ikaja, ikawa karibu kabisa, halafu ikapanda tena ikapita juu yetu bila kutua. Nilimshika dada mkono kwa nguvu mpaka nikamwumiza. Nilikuwa nawaza kiinua mgongo, nawaza ufuta, halafu nikaona aibu kwamba nawaza ufuta wakati mtoto yuko humo ndani.

"Ameona giza," dada akasema. "Anarudi."

Alisimama tuli, macho kwenye ukungu. Tukangoja. Ukungu ukapasuka kidogo upande wa milima, jua likaingia, na ndege ikaja tena, safari hii tukaiona yote, ikatua taratibu ikapita mbele yetu ikipunguza mwendo. Abiria wakashuka na mizigo yao, wakilalamikia kuchelewa, hakuna aliyejua lolote.

Baada yao akashuka mtu mwembamba mwenye shati jeupe na kizibao cha kung'aa. Akaanza kuizunguka ndege peke yake, akiinama kwenye magurudumu, akiinua uso kutazama chini ya bawa, anagusa hapa, anatazama pale, kwa mpangilio.

"Ndiye," dada akasema. Mimi sikuwa nimemtambua mpaka nilipoona ule mkono unavyokwenda kutoka kitu kimoja hadi kingine, kama ulivyokuwa ukienda kwenye karatasi nyuma ya kaunta yangu.

Dada akashika uzio kwa mkono mmoja, mwingine akauweka mdomoni, akapiga vigelegele. Alipiga peke yake. Mlinzi akaja mbio. "Mama, mama, hapa hairuhusiwi. Kuna nini?"

"Sendofu ya mwanangu," dada akasema bila kugeuka.

Mlinzi akatazama gauni, akatazama kilemba, akanitazama mimi. "Bwana harusi yuko wapi?"

"Hayupo," nikasema. "Tuache kidogo, baba."

Kule kwenye ndege yule mwembamba alikuwa amesimama. Alitazama upande wetu. Uso wake kwa mbali sikuuona, lakini bluu ile na maua yale ya njano aliyajua, alifanya kazi chini yake msimu mzima. Akainua mkono juu, akaushikilia hapo kidogo. Kisha akainama tena kwenye gurudumu alilokuwa hajalimaliza.

"Mwite," nikamwambia dada. "Asogee hata uzioni tumwone."

"Mwache," akasema. "Watu wanamsubiri."

Akaachia uzio, akarudi hatua moja nyuma, akanyoosha gauni kwa viganja. Akasimama kama wanavyosimama akina mama mshereheshaji akiwaita, mabega wima, mikono imekutana mbele, watu wapate kumwona. Tulikuwepo mimi na mlinzi tu. Akasimama hivyo mpaka ndege ikaondoka.